Kabla kaka zako hawajashika panga: michikichi ya bibi ina nini ndani yake

Msomaji wa Kalangala, Uganda, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa ebinazi, yaani michikichi, hapa kisiwa cha Bugala, nina ekari sita. Kwa bibi yangu mzaa mama, Bundibugyo, karibu na msitu wa Semuliki, kuna michikichi ya zamani kama arobaini iliyoota yenyewe. Kokwa zake ni nene na mafuta ni kidogo. Mwaka huu walikuja watu wa utafiti wakachukua mikungu, hata ya miti ambayo sisi tunaiona mibaya. Kaka zangu wanataka kuikata yote wapande kakao. Kwa nini mtafiti ahangaike na mbegu mbaya wakati mbegu bora zipo? Na je, nikiokota mbegu chini ya mti wangu bora wa hapa Bugala nitapata miche inayofanana na mama yake? Nina wasiwasi pia kwa sababu miti miwili ya jirani imeanza kukauka makuti."

Marahaba, mwanangu. Swali la mbegu za kuokota ndilo jepesi, kwa hiyo nianze nalo, maana jibu lake ndilo litakalotufungulia mlango wa lile kubwa.

Chukua tunda moja lililoiva kutoka shambani kwako na jingine kutoka kwa bibi. Yaweke juu ya ubao uyakate katikati kwa kisu kizito. Tunda la bibi litakugomea. Likikubali, utaona nyama nyembamba ya rangi ya chungwa, kisha gamba jeusi gumu lenye unene wa milimita kadhaa, kisha kiini cheupe. Aina hiyo tunaiita dura. Tunda la Bugala litapasuka bila ubishi: nyama nene, gamba jembamba. Sasa lisogeze karibu na jicho. Kulizunguka lile gamba utaona duara la vidoti vyeusi, kana kwamba mtu amechoma choma kwa ncha ya kalamu. Hizo ni nyuzi zilizokatwa na kisu chako, na ndizo alama ya tenera. Iko aina ya tatu, pisifera, ambayo haina gamba kabisa. Ungedhani hiyo ndiyo ingekuwa bora kuliko zote, lakini mti wake kwa kawaida ni tasa upande wa kike: maua hutoka, mkungu huanza kufunga, kisha unaoza.

Watu walipanda michikichi miaka mingi bila kujua aina hizi tatu zinahusianaje. Mwaka 1941, huko Kongo ya Wabelgiji, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba jambo lote linaamuliwa na jeni moja. Kila mchikichi una nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Dura ana nakala mbili za gamba nene, pisifera ana mbili za kukosa gamba, na tenera ana moja ya huku na moja ya kule. Kwa hiyo ukizalisha dura na pisifera, watoto wote wanakuwa tenera. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika kwenye mashamba ya mbegu: ua la kike la dura linafungwa kwenye mfuko kabla halijafunguka, kisha linapulizwa chavua ya pisifera na mtu anayejua anachokifanya.

Mti wako bora wa Bugala ni tenera na majirani zake wote ni tenera. Ukiokota mbegu chini yake ukaotesha miche arobaini, tarajia dura kumi, tenera ishirini na pisifera kumi, zaidi au pungufu kidogo. Zile pisifera kumi ndizo zitakazokuumiza moyo. Zinakua kwa nguvu na kupendeza shambani, zinawatilia kivuli wenzao, zinakula mbolea, na mwaka wa tatu au wa nne ndipo unagundua hazizai. Siku hizi kipande cha jani la mche wa kitaluni kinaweza kupelekwa maabara kikaonyesha aina yake, kwa sababu jeni yenyewe ilitambuliwa na watafiti mwaka 2013. Kwa mkulima wa ekari sita njia nyepesi ni kununua miche inayojulikana ilikotoka. Usipande za kuokota.

Hapo ndipo swali lako kubwa linapoingia. Kama miche ya kununua ni bora hivyo, miti ya bibi ni ya nini?

Nikupeleke kwanza Java. Mwaka 1848 michikichi minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, wakati huo ikiitwa Buitenzorg. Miwili ilitoka kwenye bustani ya Amsterdam, miwili ililetwa kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Asili yao wote ni Afrika, maana mchikichi huu ni wa kwetu. Watoto wa ile minne walipelekwa Sumatra, wakapandwa kama mapambo kandokando ya barabara za mashamba ya tumbaku katika eneo la Deli. Baadaye, kilimo cha mawese kilipoanza kibiashara huko Sumatra mwaka 1911, mbegu zilizokuwa karibu zilikuwa hizo. Zilizaa vizuri, mikungu mikubwa na mizito, zikachaguliwa na kuchaguliwa tena. Leo dura ya Deli ndiyo mama wa sehemu kubwa sana ya miche ya tenera inayouzwa duniani. Upande wa baba hali inafanana: ukoo mmojawapo mashuhuri unarudi kwenye mchikichi mmoja wa bustani ya Eala, Kongo, uliopewa jina la Djongo, maana yake ulio bora. Mbegu zake zilipelekwa kituo cha utafiti cha Yangambi, huko huko Kongo, na mbegu za Eala zilifika hadi Sumatra miaka ya 1920.

Minne kwa upande mmoja, mmoja na wenzake wachache kwa upande mwingine. Bahari ya michikichi unayoiona kwenye picha za Malaysia na Indonesia inatokana na wazee ambao ungeweza kuwaketisha wote chini ya mwembe mmoja.

Tufanye hesabu kidogo, usiogope, inafanyika hata kwenye simu. Tuseme katika msitu wa zamani kulikuwa na jeni fulani ya kuvumilia ugonjwa, nayo ilikuwa adimu, nakala moja kati ya ishirini. Michikichi minne ina nakala nane kwa kila jeni. Uwezekano wa nakala moja kuwa ile ya kawaida ni asilimia 95. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mara nane, utapata kama 0.66. Maana yake ni kwamba kila jeni adimu ya namna ile ilikuwa na nafasi mbili kati ya tatu za kubaki Afrika siku meli ilipong'oa nanga. Kama ingechukuliwa michikichi thelathini isiyo na undugu, hizo zingekuwa nakala sitini, na nafasi ya kuikosa ingeshuka chini ya asilimia 5. Hakuna aliyekosea Bogor. Walikuwa wanapanda bustani. Ila kilichoachwa nyuma siku ile hakirudishwi na uchaguzi wowote unaofanywa ndani ya watoto wa ile minne. Mchaguaji anachagua katika kilichomo. Akichagua vizuri anakipunguza zaidi.

Kwa hiyo ukisikia neno uanuwai wa vinasaba, usifikirie wingi wa miti. Fikiria wingi wa mababu na umbali kati yao. Hili ndilo ninalotaka ulishike katika barua hii yote, kwa sababu hata sisi wenye kazi yetu tunalisahau.

Nililisahau mimi mwenyewe. Nikiwa kijana nilikabidhiwa kitalu cha michikichi iliyokusanywa porini, zaidi ya mia mbili, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Nilijivunia sana namba ile, niliitaja kwenye kila ripoti. Vibao vya bati vilivyofungwa kwenye miti vilikuwa vimeanguka vingi, vingine vimefutika, na daftari la shambani halikuonekana. Tulipopima vinasaba, miti mingi ilionekana kuwa ndugu wa karibu. Mkusanyaji alikuwa amekata mikungu mitatu tu, pengine kwa sababu gari lilikuwa limejaa au jua linazama, akaotesha mbegu mia mbili kutoka humo. Tulikuwa tumepalilia wazee watatu kwa miaka kumi na mbili tukidhani ni msitu.

Kuna kanuni ya kuhesabu jambo hili. Ukiwa na mama hamsini lakini chavua yote imetoka kwa baba mmoja, unazidisha nne kwa hamsini kwa moja, kisha unagawanya kwa hamsini na moja. Jibu halifiki hata nne. Miti hamsini na mmoja inasimama shambani, lakini kwa urithi ni kama minne, kama ile ya Bogor. Na kundi la ukubwa huo linapoteza karibu sehemu moja ya nane ya utofauti wake katika kila kizazi. Baada ya vizazi vitatu imebaki theluthi mbili.

Turudi Bundibugyo. Msitu wa Semuliki ni mkia wa mashariki wa msitu mkubwa wa Kongo, ule wa Ituri. Mchikichi ulioota huko umefika ukingoni mwa nchi yake ya asili. Miti ya ukingoni inanivutia kuliko ya katikati, kwa sababu imelelewa kwa shida: mvua nyingine, usiku mwingine, wadudu wengine. Iliyoshindwa ilikufa bila kumsumbua mtu. Iliyobaki ina sababu ya kubaki, ingawa sababu hiyo haiandikwi kwenye gamba la kokwa.

Wewe unalima wapi? Uso wa ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shamba lako liko juu zaidi ya hapo. Vitabu vya kilimo cha mawese vimeandikwa na watu wa pwani na mabonde, ambako michikichi inalimwa chini ya mita mia chache. Kwetu Uganda usiku ni wa baridi kuliko ule ambao wazazi wa Deli walizoea. Wazalishaji wa mbegu wa Costa Rica walipotafuta michikichi ya kuvumilia baridi hawakwenda Java. Walitumia ukoo wa nyanda za juu za Bamenda, Kameruni, na ukoo wa Kigoma, Tanzania, kando ya ziwa Tanganyika, kule ambako mama zetu wanakamua mawese na kuuza mise, yaani viini vya kokwa, tangu zamani. Michikichi ya Kigoma nayo ilikuwa dura ya kokwa nene ya kijijini, ya kudharauliwa. Thamani yake haikuwa kwenye gamba.

Kuhusu makuti ya jirani, usilichukulie kirahisi. Nenda ukaangalie kama makuti yanayokauka ni yale ya chini, yaliyozeeka, na kama yamevunjika katikati ya uti yakaning'inia kuuzunguka mti kama sketi. Mti mmoja ukifa, mwenye shamba akubali ukatwe. Tazama ndani ya shina: ukiona nyuzi za kahawia au nyeusi kwenye sehemu ambayo ingepaswa kuwa nyeupe, mwite afisa ugani siku hiyo hiyo, kwa sababu hiyo inafanana na mnyauko fuzari. Ugonjwa huo unaletwa na kuvu wa udongoni anayeingilia mizizini. Uliripotiwa Kongo mwaka 1946 na umesumbua Afrika ya kati na ya magharibi tangu hapo. Usiazime panga wala jembe kutoka shamba lile bila kulisafisha, na usihamishe udongo wala miche kutoka huko.

Mnyauko fuzari hauna dawa ya kunyunyiza inayookoa mti ulioshikwa. Kinga iliyosaidia kweli ni kuchagua. Miche midogo inaambukizwa kitaluni kwa makusudi, inayokufa inakufa, na wazazi wa inayosimama ndio wanaozalisha mbegu. Kazi hii imefanywa Côte d'Ivoire na Kongo kwa miaka mingi na imepunguza hasara. Sasa jiulize: kama katika kundi ulilonalo hakuna hata mti mmoja wenye jeni ya kustahimili, utaambukiza miche elfu kumi na yote itakufa, na utakuwa umejifunza tu kwamba kundi lako halina kitu. Asia ya kusini mashariki wana kuvu wao, ganoderma, anayeozesha shina kutoka chini. Amerika ya Kusini kuna ugonjwa wa kuoza moyo wa mti ambao umefuta maelfu ya hekta. Kule iliwabidi wachanganye mchikichi wa Afrika na binamu yake wa Amerika, mfupi, wenye mafuta kidogo, ambao hapo awali hakuna mkulima mkubwa aliyetaka kuuona shambani kwake. Leo chotara huyo ndiye anayewalisha watu pale ambapo mchikichi wa kawaida umeshindwa, ingawa maua yake yanahitaji kusaidiwa kwa mkono ili yazae vizuri. Dharau ya jana ikawa chakula cha leo, na iliwezekana kwa sababu kuna mtu hakukata.

Umeniuliza kwa nini wachukue hadi ile mibaya. Sikulaumu, ni swali la mtu mwenye akili. Mkusanyaji mzuri hachagui kwa macho, kwa sababu macho yake yanaona mambo matatu manne tu: ukubwa wa mkungu, unene wa nyama, urefu wa mti. Akichagua ilinganayo na anachokijua, anarudi nyumbani na kile ambacho tayari anacho. Mwaka 1973 Wamalaysia walifanya kazi na wenzao wa Nigeria wakakusanya mikungu katika maeneo mengi ya nchi ile, ya kila aina, mizuri na ya ovyo. Watoto wake walipandwa Kluang, jimbo la Johor. Ndani ya mkusanyo ule walipatikana michikichi inayorefuka polepole na mingine yenye mafuta mepesi yasiyoganda haraka. Mvunaji anayenyanyua mundu kwenye upondo wa mita kumi, shingo imepinda, matone ya jasho yanaingia machoni, anajua thamani ya mti unaorefuka polepole. Katika mti mama kule Nigeria sifa hiyo ingeweza kukupita, maana mti mfupi porini unaweza kuwa mfupi kwa sababu ni mdogo wa umri.

Ila nisikudanganye kuhusu muda. Mchikichi unahitaji kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa, na miaka mingine kadhaa ya kupima mikungu kabla ya kuusema ni mzuri. Kizazi kimoja cha uzalishaji kinakaribia au kupita miaka kumi. Jeni njema ya mti wa bibi ikipatikana, itabidi mti huo uchanganywe na wa kisasa, kisha watoto wachanganywe tena na wa kisasa, ili gamba nene na mafuta kidogo vichujwe na ile sifa ibaki. Kipimo cha vinasaba kinafupisha safari, kwa sababu unaweza kutupa miche isiyobeba sifa ikiwa bado kwenye vifuko vya kitaluni. Bado ni miaka. Anayekuahidi mbegu mpya ya Bundibugyo msimu ujao, mkimbie.

Na kwa nini wasichukue mbegu kidogo wakaziweka kwenye friji, kisha kaka zako wakakata? Ingekuwa mahindi ningekujibu ndiyo. Mbegu ya mchikichi haivumilii kukaushwa na kugandishwa kama ya mahindi. Hata ukiitunza vizuri penye ubaridi, uhai wake unahesabika kwa miezi, ikizidi ni mwaka au miwili. Chavua iliyokaushwa inaweza kukaa kwenye baridi kali, na viini tete vya ndani ya mbegu vinaweza kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini hiyo ni maabara yenye umeme usiokatika na fedha zisizokatika. Kwa hiyo benki ya mchikichi ni shamba. Miti inapandwa mita tisa kwa tisa kwa pembetatu, kama 143 kwa hekta, na inapaliliwa miaka ishirini na tano. Mkusanyo wa miti elfu moja unakula hekta saba za ardhi ambayo kila mwanasiasa anayepita anaiona tupu. Nimeona bajeti ya shamba la namna hiyo ikikatwa mwaka mmoja, magugu yakapanda hadi shingoni, na moto wa kiangazi ukamaliza kazi. Mti ulio kwa bibi yako, unaopaliliwa na mbuzi wake, ni benki ya akiba isiyodai mshahara.

Tena ardhi ya Bundibugyo ina kitu ambacho shamba la kituo halina: miti inaendelea kuzaana yenyewe, chavua ya huyu inamfikia yule, na kila mwaka mvua na ugonjwa vinaendelea kupepeta. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbegu ya kampuni ni msala mzuri, uswalie. Mbachao usiuchome.

Kuhusu waliokuja kuchukua mikungu, una haki ya kuuliza. Uganda ina kanuni tangu mwaka 2005 zinazohusu kuchukua rasilimali za vinasaba na kugawana faida yake, na mwaka 2014 nchi yetu ilijiunga na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mambo hayo hayo. Wenye kusimamia ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mtafiti anayefuata njia atakuwa na kibali, na atakuwa amemweleza bibi anachukua nini, anapeleka wapi, na bibi au kijiji kitapata nini kikitokea cha maana. Kama bibi hakuelezwa, au alielezwa kwa Kiingereza akaitikia kwa adabu tu, waandikie waliokuja. Usiwe mkali. Wengi wetu tunataka kufanya sawasawa na tunashukuru tukikumbushwa. Omba nakala ya orodha ya miti waliyochukua pamoja na namba walizoipa. Bila namba hizo hakuna siku mtu yeyote ataweza kusema kwamba sifa fulani ilitoka kwenye ua wa bibi yako.

Sasa kaka zako. Siwalaumu hata kidogo, kakao inalipa na watoto wanasoma kwa kakao. Wala sisemi miti yote arobaini ibaki. Miti iliyosimama karibu karibu huenda ni ndugu, mbegu zilizodondoka chini ya mama mmoja au panya alizozificha pamoja. Ukiacha kumi iliyobanana kona moja umeacha pengine wazee wawili. Ukiacha kumi iliyotawanyika kutoka mpakani hadi mtoni umeacha zaidi. Nimetembea kwenye mashamba ya kakao huko huko Bundibugyo ambamo michikichi imesimama mmoja mmoja, makuti ya chini yakikatwa ili mwanga upite, na kakao chini yake haina tatizo. Waambie kaka zako waanze na hilo: wapande kakao, waiache michikichi michache iliyo mbalimbali, wasubiri kukata mingine mpaka mbegu au majani ya kila mmoja yawe yameshachukuliwa na watu wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Na mikungu ya miti inayobaki bibi aendelee kukamua, maana mti usio na kazi nyumbani haudumu.

Ukienda huko sikukuu ijayo, beba kopo la rangi nyeupe na daftari. Andika namba kwenye kila mti, usawa wa kifua, na uirudie kila mwaka. Kata matunda matano ya kila mti kama nilivyokueleza mwanzo, pima gamba kwa rula ya shule, uandike. Ukipata tenera hata moja katika ile arobaini, nijulishe haraka. Porini hutokea, lakini ni chache. Kisha kaa na bibi. Yeye anajua mambo ambayo mashine yetu haiyajui. Muulize ni mti upi ulizaa mwaka ambao mvua ilikatika, ni upi mafuta yake hayachachuki upesi, ni upi uliopandwa na mtu na ni upi uliojiotea, na kama mbegu ililetwa kutoka ng'ambo ya mpaka, ililetwa na nani. Wazee wengi wana majina ya miti yao, la mkwe aliyeuliza mahari chini yake, la mbwa aliyezikwa hapo. Liandike jina kama anavyolitamka yeye, pembeni ya namba, na nakala ya daftari umwachie mtoto mmoja wa nyumba ile anayependa kuandika.